Utepe Mwekundu Kwenye Koti la Baba Kariuki

Nikikumbuka ile Jumapili hata leo masikio yanapata moto, na nyinyi mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya pindo lililokwenda upande, kwa hivyo fikirieni wiki hiyo nililalaje.

Ninashona nguo na Tata Nyambura, dada wa baba yangu, katika kiduka chake karibu na soko hapa Nyeri. Ushonaji mwingi nimejifunza kwa video za simu (sioni haya kusema), na ni huko nilikokutana na Wajapani wanaopanga karakana zao kwa hatua tano: sasambua (toa kisicho na kazi), seti (kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha, shikilia. Nilitazama mpaka bando ikaisha. Kwetu vitambaa vilikuwa vimefika juu ya cherehani, vifungo viko ndani ya mikebe ya majani chai, na nguo za wateja hazina hata jina, kwa sababu Tata huwajua watu wake kwa nguo zao.

Tata alipoenda Endarasha kumuuguza dada yake, nikaona zamu yangu imefika. Hatua ya kwanza ni rahisi: kitu kisicho na kazi unakifunga utepe mwekundu, unakiweka kando, kisha mnaamua pamoja na mwenyewe akirudi. Nilifuata yote isipokuwa hilo la kusubiri. Nilitaka Tata afungue mlango akute duka linang'aa, na Jumapili hiyo ilikuwa ya mavuno, watu wanapeleka kanisani maboga, kuku na nguo vinadiwe baada ya ibada, kwa hivyo nikabeba kila chenye utepe, likiwemo koti kuukuu la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango, bitana imechanika, vifungo vyake hakuna viwili vinavyofanana.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi ni mtu wa mzaha. Alilivaa hilo koti akazunguka nalo mbele ya watu.

"Hili limeona baridi nyingi kuliko mchungaji," akasema. "Nani analitaka?"

Baba Kariuki, mkulima wa kahawa kutoka Tetu, akainua mkono. Alikuwa amevaa sweta tupu kwenye baridi ya kuuma meno (niliona, sikujiuliza). Kijana mmoja wa kwaya akapandisha bei kwa kujifurahisha, na Baba Kariuki akasimama, akapandisha tena.

Mama Wanja, anayeuza mboga mlango wa pili kutoka duka letu, akaninong'oneza, "Ati hilo si koti lake? Vifungo alishonewa na marehemu mkewe, kimoja kimoja vile alikuwa akivipata. Si alimletea Tata yako abadilishe bitana tu?"

Hapo ndipo ningesimama niseme ukweli. Lakini mimi nikawaza, wacha nilinunue kimyakimya nimpelekee, hakuna atakayejua, na mkono wangu ukapanda juu wenyewe, nami nikawa nashindana na mzee wa watu kwa koti lake.

"Wambui, si ni wewe umelileta?" mnadi akauliza. "Umeshalikumbuka?"

Kanisa zima likacheka. Baba Kariuki hakucheka. Alipapasa mifuko ya suruali, kisha akainama kumwomba jirani yake amkopeshe, na kuona hivyo nikashindwa kabisa, nikasimama.

"Baba, usiongeze," nikasema. "Hilo koti ni lako. Ni mimi nimelileta hapa, na sikumuuliza mtu."

Mnadi akalivua koti. Baba Kariuki akaketi polepole.

"Nilidhani siku hizi ndivyo mnarudisha nguo," akasema. "Nikasema basi, wacha nipandishe."

Walicheka tena, naye akacheka pamoja nao, na mimi nikalia mbele ya kwaya, kitu ambacho hakuna aliyenisaidia kukisahau.

Tata aliporudi alisimama katikati ya duka akageuza macho kila upande. "Umepanga vizuri," akaniambia. "Sasa watu wangu umewapanga wapi?" Hatua tano ninazifuata hadi leo, na duka ni safi, lakini siku hizi hata zipu iliyokatika siitupi kabla ya kuuliza ni ya nani.

Koti nililirudisha dukani, bitana nikaishona mwenyewe, vifungo sikuvigusa. Baba Kariuki alipokuja kulichukua nilitaka kuufungua ule utepe ambao bado ulikuwa kwenye tundu la kifungo, akanishika mkono.

"Wacha ukae," akasema. "Kwa utepe huu, hata Tata yako asipokuwepo, utanijua."

Kila Jumapili hukaa kiti cha mbele yangu, na utepe bado uko.