Nilipitisha Kodi ya Kiwango Kimoja Sebuleni, Mjukuu Akakosa Godoro

Nimekosa, na nimekosa mchana kweupe. Jina langu sitaji, aibu ni nyingi. Lakini waliokuwepo nitawataja wote, maana sijawahi kusahau jina la mtu.

Alikuwepo Dewo, mwanangu wa kwanza, mtu wa ofisini. Josiane, mkewe. Vestine, binti yangu, anayeuza nyanya soko la Kicukiro, na Ange, mwanawe. Wote hao tulikuwa tunakula chungu kimoja. Halafu Mama Klarisa, jirani yetu hapa Niboye, aliyekuja kuomba chumvi.

Desturi ya nyumba yangu ilikuwa hivi: katika kila mia anayopata, Dewo anatoa arobaini ya chakula na umeme. Vestine kumi. Hakuna aliyelalamika, na maziwa tulikunywa!

Siku hiyo redioni walikuwa wanabishana juu ya pendekezo la kodi. Eti kila mtu, wa mshahara mnene na wa mshahara mwembamba, akatwe sehemu ileile ya mia. Mzee mmoja mwenye sauti tamu akasema hiyo ndiyo haki yenyewe.

Dewo akazima redio. "Mama, umesikia? Na sisi tufanye ishirini, kila mtu sawa. Nitakachobakiza nakununulia televisheni."

Mimi shule niliachia darasa la tatu, Karagwe, tulikokulia ukimbizini. Msomi ananiuliza maoni mimi! Kichwa kikavimba.

Vestine akasema, "Mama, kwa kaka ishirini ni kushuka, kwangu ni kupanda. Napata elfu sitini kwa mwezi. Hiyo elfu sita ya kuongeza ndiyo naweka kwenye ikimina." Ikimina ni kikundi chao cha kuchangishana, wanapokezana kupokea. "Mwezi ujao zamu ni yangu. Ni godoro la Ange la bweni, Mama."

"Dada, mbona unaogopa haki?" Dewo akacheka.

"Wifi, si uuze nyanya nyingi zaidi," Josiane akadakia.

Mama Klarisa akashika kiuno, akashangaa kwa Kinyarwanda chetu. "Yampaye inka! Nimekuja kuomba chumvi, nimekuta bunge. Mukecuru, bibi yetu, na hii chumvi mtaikata ishirini?"

Tukapiga kura. Dewo aliinua mkono wa kwanza. Josiane akafuata kwa nguvu zote, yeye ambaye hana kipato, na ishirini ya sufuri ni sufuri! Kisha mimi. Vestine aliacha mikono yake mapajani. Nyumba ni yangu jamani, ningesema hapana yangeisha palepale!

Televisheni ikaja kweli. Pana, hadi picha ya Bikira Maria ikahamia jikoni. Ila chungu kilisinyaa, maana Dewo sasa alitoa nusu ya zamani na nyongeza ya Vestine haikuziba hata robo ya pengo. Tukawa tunakula maharage makavu huku tukitazama watu wanakaanga nyama.

Vestine akakosa mchango wa ikimina. Wenzake wakamsukuma mwisho wa foleni. Ange akaenda shule na sanduku na shuka, akarudishwa getini: hakuna godoro, hakuna bweni. Mtoto alirudi na sanduku lake kichwani, akaniamkia, "Mwiriwe, nyogokuru," yaani habari za jioni, bibi, kama vile sikumfanya kitu!

Vestine hakunigombeza. Jumamosi aliniosha miguu kama kawaida yake, akaikausha, kisha akafunga virago vyao. Wamehamia Kagarama, chumba kimoja. Miguu yangu sasa naiosha mwenyewe, mgongo ukikubali.

Nilimwambia Dewo auze televisheni tununue godoro. Akasema, "Mama, tupige kura." Josiane alikuwa ameshainua mkono.

Mabibi wenzangu, anayewaambia kukatwa sawa ni haki, msimuulize anakatwa ngapi. Muulizeni anabakiwa na nini! Mimi sikuuliza. Niliangalia televisheni kabla haijanunuliwa.

Nimeandika kwamba Dewo ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Watu wa Niboye, kama kuna jina nimelikosea, nirekebisheni. Na wewe Vestine, kama uliona mkono wa kwanza ulikuwa wangu, njoo unirekebishe mwenyewe. Usitume mtu.