Niliiombea Karakana Yake

Aliyekuwa mume wa binti yangu hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Yeye humpeleka kortini. Binti yangu alifungua kesi mara moja tu, hakimu akaamuru baba wa mtoto atoe pesa za matunzo kila mwezi, na mimi nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Kwanza alisema mtoto si wake. Vipimo vikaonyesha ni wake. Kisha akasema ana mzigo wa nyumba mbili, apunguziwe. Akakataliwa, akarudi na wakili mwingine akitaka uamuzi uleule uangaliwe upya. Kila ombi lina tarehe, tarehe huahirishwa, na kila ikiahirishwa binti yangu amepoteza kibarua cha siku hiyo. Anafua nguo katika nyumba za watu kule Kawangware. Kuna siku kesi ilisikizwa kwa simu. Alisimama kando ya karai, povu mikononi, akimjibu hakimu, na mwenye nyumba akatoka kumuuliza kama analipwa kufua au kuongea. Kazi hiyo ikaishia hapo. Ndipo nilipoelewa kwamba yule kijana hakuhitaji kushinda. Alihitaji binti yangu achoke.

Na alikuwa amechoka. Ombi la nne lilikuja na hati ya kiapo: karakana yake ya kuchomelea vyuma imefungwa, sasa analishwa na ndugu zake. Binti yangu alikuja kwangu Silanga, ambako mjukuu wangu hulala siku za wiki, akakaa kitandani bila kuvua kitambaa kichwani.

“Baba, nataka niende nimwambie karani nimeondoa kesi. Akae na pesa zake.”

“Na mtoto atakula nini?”

“Atakula kile tunakula.”

“Umekula leo?”

Akainuka kuondoka. Nilimwomba angoje Jumapili ipite. Sikuwa na sababu ya kumpa. Nilitaka tu nafasi ya kuomba.

Jumapili hiyo tulikuwa na ibada ya pamoja na tawi letu la Kawangware. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo nilikaa mbele katika benchi la wazee, tukitazamana na watu. Ulipofika wakati wa ushuhuda, akasimama yule kijana, maana husali tawi hilo. Hakujificha. Alinitazama, akatabasamu.

“Bwana asifiwe. Naona hata baba mkwe wangu ametutembelea. Mzee, karibu sana Kawangware. Ndugu zangu, nilikuwa na karakana moja, Mungu ameniongeza ya pili. Tumefungua juzi, na vijana wamepata kazi.”

Watu wakapiga makofi. Mikono yangu nayo, kwa mazoea, ikapiga.

Alijua kwamba nimeiona hati ya kiapo. Alijua pia kwamba kwetu ushuhuda huachwa madhabahuni. Mtu husema mbele za Mungu, na hakuna anayeyachukua maneno yake kwenda nayo kwingine. Kwa sababu hiyo aliweza kunikaribisha kwa sauti kubwa. Baada ya ibada akawaomba wazee tukaiweke wakfu karakana mpya, na sikupata namna ya kukataa mbele ya mchungaji. Tulisimama kati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi, tukaweka mikono juu ya mashine ya kuchomelea. Ilikuwa na joto bado, ingawa ilikuwa Jumapili. Nikaombwa nifunge kwa sala, nikafunga. Nilimwomba Mungu aibariki kazi ya mikono yake.

Nilirudi nikamwambia binti yangu asiondoe kesi, nitatoa ushahidi. Habari zikawafikia wazee wenzangu. Wawili walikuja kuniona kutoka Soweto West, marafiki zangu wa siku nyingi. Walikataa chai, nikajua mambo ni mazito.

“Mzee, ukipeleka ushuhuda kortini, nani atasimama tena kushukuru? Watu wataogopa.”

“Wataogopa wale wako na kesi.”

Mmoja alikaribia kucheka. Mwenzake alimwangalia, akaacha. “Kama ni chakula cha mtoto, tuchange kanisani. Lakini usitupeleke huko.”

“Mtoto si yatima,” nikasema. “Baba yake mlimpigia makofi.”

Wakaondoka bila kuomba, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea nyumbani kwangu.

Kortini nilieleza nilichokisikia katika ushuhuda. Wakili wa yule kijana alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza.

“Mzee wetu, imani inafundisha mtu ashukuru hata kwa kile hajapata, kana kwamba ameshapata. Si ndiyo?”

Nimelifundisha hilo mwenyewe kwa miaka katika darasa la ubatizo. Binti yangu alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimeapa kwa Biblia.

“Inafundisha hivyo,” nikasema.

“Kwa hivyo inawezekana alikuwa anashukuru kwa imani.”

“Inawezekana.”

Wakili akakaa. Yule kijana alikuwa anakagua kucha zake. Hakimu, mama wa makamo, akaniuliza yeye mwenyewe:

“Hiyo karakana ya pili, wewe uliiona?”

“Niliiombea, mheshimiwa.”

“Nauliza kama uliiona.”

“Niliingia ndani. Niliweka mkono juu ya mashine. Ilikuwa na joto.”

Ombi likatupiliwa mbali, amri ya kwanza ikabaki. Nilidhani nitafurahi. Jumapili iliyofuata nilikuta mahali pangu katika benchi la wazee pana mtu, nikaambiwa nipumzike kidogo. Ushuhuda ulipoitishwa, macho ya watu yalinigeukia kabla hayajageukia mbele. Mama mmoja alisimama, akashukuru kwa afya, akakaa haraka.

Haukupita muda ombi la tano likafika. Sasa anamtaka mtoto mwenyewe. Mama, kiapo kinasema, humwacha na mzee siku za wiki, lakini baba ana karakana mbili, kama alivyothibitisha babu wa mtoto mbele ya hakimu. Yalikuwa maneno yangu, yameandikwa vizuri kuliko nilivyoyasema.

Binti yangu alilisoma amesimama mlangoni. Nilingoja aseme sasa basi.

“Ona huyu,” akasema. “Juzi alikuwa analishwa na ndugu zake.” Akaikunja ile karatasi. “Mtoto hatampata. Hiyo tarehe utakuja?”

“Nitakuja.”

“Basi vaa ile koti ya kijivu. Ile nyeusi inakufanya ukae kama mhubiri, na wakili wake ameshajua kuhubiri kuliko wewe.”

Namshukuru Mungu kwa huyu binti. Namshukuru kwamba hadi leo mjukuu wangu analala hapa, upande wa ukuta, na hajui kwamba anagombaniwa. Kila asubuhi huwaombea watu wangu kwa majina. La baba yake lilikuwamo siku zote, kwa kuwa tumeamriwa kuwaombea hata wanaotuudhi. Siku hizi nikilifikia nanyamaza, kisha naendelea na jina linalofuata. Mungu anajua nimeruka wapi.