Sikio la Verla na Dola ya Mwaka 1893

Mizani kwanza, macho pili, sikio mwisho. Verla Tolman aliiandika kanuni hiyo kwa mkono wake na kuibandika juu ya meza ya kioo katika duka lake la sarafu, karibu na reli, mjini Elko. Kwa miaka kumi na miwili hakuna dola ya fedha iliyovuka meza ile bila kupitia hatua zote tatu. Mlio huweza kudanganya, aliwaambia wateja, lakini uzito hauna sababu ya kudanganya.

Hata hivyo watu hawakuja kuona mizani. Walikuja kuona sikio. Kabla ya kufungua duka, Verla alikaa miaka ishirini na mitatu kwenye dirisha la kubadilishia pesa katika jumba la kamari, enzi zile wachezaji walipocheza kwa dola za fedha tupu. Alikuwa akizidondosha moja moja juu ya marumaru na kuitenga ya bandia bila hata kuitazama. Sifa hiyo ilimfuata dukani, na sifa ni tamu. Aliyeizoea hayuko tayari kuipoteza. Ndiyo maana mwezi Septemba, alipoanza kutosikia simu ikilia chumba cha pili, hakumwambia daktari wala dada yake. Aliisogeza simu karibu, basi.

Ijumaa moja ya Januari 1976 akaja Mayi Erramuspe, mjane wa mhamiaji wa Kibaski aliyechunga kondoo, akiwa amefunga kitu ndani ya leso. Ilikuwa dola ya mwaka 1893. Marehemu mumewe aliipata katika mshahara wake wa kwanza wa kuchunga kondoo, akaiweka chini ya mto kwa miaka arobaini, na akausia isiuzwe ila kwa jambo kubwa. Sasa jambo kubwa lilikuwa limefika. Mjukuu wake, Terese, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Reno, na ada ilitakiwa kabla mwezi haujaisha.

Verla aliishika kwa kingo, akaitazama tarehe kwa kioo cha kukuzia, kisha akaigeuza. Chini ya picha ya ndege tai palikuwa na herufi S, ndogo kama mbegu ya ufuta, alama ya kiwanda cha San Francisco. Dola za mwaka ule kutoka kiwanda kile ni chache mno, na hakuna sarafu ambayo matapeli wanapenda kuiiga kama hiyo. Akaunyoosha mkono kufunua mizani.

Kando ya jiko la kuni walikuwa wameketi wafugaji watatu wakiota moto. Mmoja wao, Clell Bascom, mtu wa maneno mengi, akamwambia kwa kejeli, "Bi Verla, mizani waachie wauza nyama. Sisi tumekuja kusikiliza."

Wenzake wakacheka. Verla naye akacheka, na mkono ukarudi. Akaisimamisha sarafu juu ya ncha ya kidole na kuigonga kwa kalamu. Ikatoa mlio mfu, kama kigae. Akaigonga tena. Kigae kilekile.

"Si yenyewe, mama," alisema. "Hii imemiminwa kwenye kalibu."

Mayi hakubishana. Alisema tu kwamba kumbe mumewe alilalia bati miaka yote ile. Verla aliona haya kumwacha aondoke mikono mitupu, akamshauri ampelekee Orrin, sonara wa mtaa wa tatu, aifanye bizimu ya mkanda. Terese angalau angebaki na kumbukumbu ya babu yake. Mayi alishukuru kwa ushauri ule.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, Verla alitoa dola yake mwenyewe, aliyoimiliki tangu ujana, akaigonga kwa kalamu ile ile.

Kigae.

Akatoa ya pili, na ya tatu. Akazitoa kumi, akazipima. Kila moja ilikuwa gramu ishirini na sita na nukta saba, sawasawa kabisa, na kila moja ikatoa mlio wa kigae. Akashika simu kumpigia Orrin, akaibana sikioni, lakini kama upande wa pili ilikuwa ikilia au hailii, hakuweza kujua.

Alitoka bila koti. Barabara ilikuwa barafu tupu, akateleza mara mbili na kuinuka mara mbili. Njia nzima alikuwa akihesabu nyuso: fulani aliyeambiwa sarafu yake ni bandia wiki ya Krismasi, na fulani mwingine kabla yake. Mficha maradhi kifo humfichua, na kilichokuwa kikimfichua Verla kilikuwa juu ya meza ya sonara.

Alimkuta Mayi ameketi karakanani na kikombe cha kahawa, akitabasamu. Bizimu ilikuwa tayari, uso wa mwanamke wa sarafu ukiwaka kwa kusuguliwa. Verla akaigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa umepigwa tupa ukawa bapa, na kijiti cha kushikia mkanda kimelehemiwa katikati. Hapakuwa na tai wala S.

"Ajabu, Verla," Orrin alisema. "Bati lingeyeyuka mikononi mwangu. Hii imekubali moto kama fedha safi."

Verla alijua. Tarehe alikuwa ameiona Ijumaa, imekaa pale inapokaa kwenye zile za kweli tu. Macho yalikuwa yamesema, lakini yeye akalifuata sikio.

Ile S ilikuwa unga juu ya meza, na hakuna mtu duniani angeweza kuusoma. Mayi alikuwa ameridhika. Clell Bascom angeendelea kulisifu sikio hadi kaburini. Verla aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu bila sikio lile alikuwa mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye meza ya kioo.

"Ilikuwa ya kweli, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekuharibia. Sisikii."

Mayi alisema neno kwa sauti ya chini. Verla hakulipata, akalazimika kumwomba arudie.

"Nimekuuliza," Mayi alisema kwa nguvu, "ulijua lini kwamba husikii?"

"Tangu Septemba."

Mayi akaweka kikombe chini. "Basi si sikio lililoniharibia," alisema, akachukua bizimu yake na kutoka.

Kati ya watu saba waliokataliwa sarafu zao msimu ule wa baridi, Verla aliwapata watano. Dola ya Mayi ingeuzwa kwa dola elfu moja na mia mbili. Verla alimlipa zote, akauza sarafu zake, meza na mizani ili zitimie, na zilitimia mwezi Machi. Nafasi ya Terese ilikuwa imepewa mwingine tangu tarehe moja Februari.