Dazani ya Roketi za Ghalib

Katika miaka yote aliyokaa Guangzhou, Ghalib wa Mikunguni hajawahi kununua kitu kimoja. Kimoja wananunua watalii, wanafunzi, na watu waliopotea njia ya stesheni. Yeye ni wakala. Soksi kwake ni marobota, jeans ni kontena, na hata dawa ya meno ya nyumbani huja kwa katoni, mpaka mkewe Sihaba anazitumia kuzuia mlango usijifunge.

Sasa mtu huyu, siku moja katikati ya chakula cha mchana kwenye mkahawa wa Huanshi Zhonglu, akatangaza kwamba atarusha roketi.

"Roketi," akasema Sihaba. "Ya nani?"

"Yangu."

"Umepata oda?"

"Si ya oda. Ya kurusha."

Sihaba akaweka kijiko chini. "Haya. Wenzako wakifika umri huu huongeza mke. Wewe unaongeza roketi. Nishukuru au nilie?"

Chanzo cha balaa alikuwa Elinami, kijana wa Usangi anayesomea shahada ya uzamivu ya uhandisi. Klabu ya roketi ya chuoni kwake iliazima gari la Ghalib kupeleka vifaa uwanjani, na Ghalib akaenda kama dereva, kwa nia safi kabisa ya kulala garini. Hakulala. Kitu kirefu kumshinda yeye kiliondoka kwenye reli yake ya kurushia kwa kishindo, kikawa nukta, kikawa hakipo. Kisha huko juu mwavuli mwekundu ukafunguka, ukakirudisha polepole kama mgeni mwenye adabu. Ghalib alisahau kufunga mdomo.

Kilichommaliza zaidi kilikuja baadaye. Elinami alimweleza kwamba anayetengeneza roketi yake kwa mkono wake, ikaruka kwa injini kubwa na ikarudi nzima, hupewa cheti cha daraja la kwanza.

"Cheti chenye jina?"

"Chenye jina, mzee."

Ghalib aliacha shule darasa la saba, na tangu hapo karatasi pekee zilizobeba jina lake ni pasipoti na ankara za mizigo. Sebuleni kwao kuna cheti cha Sihaba cha ushonaji, kwenye fremu, kinachomtazama kila anapokunywa chai. Jioni ile akapigilia msumari pembeni yake. Asubuhi akakuta Sihaba ameutundikia mkoba.

Elinami akampeleka kwenye jengo la vifaa vya michezo ya kiufundi, akampa mawaidha njia nzima. Roketi ya kwanza iwe ya bomba la karatasi ngumu, maana ni nyepesi na kosa lake hurekebishika. Mapezi ya mbao. Parashuti moja, ndogo. Injini asiziulizie dukani, maana hatauziwa hata akilia. Wenye kibali ndio huzileta uwanjani na kuzikabidhi palepale.

Ghalib akaitikia kila neno. Alipoingia dukani akayaacha yote mlangoni pamoja na mwavuli wake wa mvua.

"Hii ya faibaglasi ni bora," akasema, akigonga bomba jeupe.

"Ni bora kwa anayejua, mzee. Ni nzito na gundi yake ina masharti."

"Na hii parashuti?"

"Hiyo ni kubwa mno. Uwanja wetu ni mdogo, na upande wa pili kuna mabwawa ya samaki. Upepo ukiikamata hiyo, roketi yako utaiombea kwa wavuvi."

"Lakini bei ni karibu sawa na ndogo."

"Mzee, hatununui kitambaa."

Ghalib akamhurumia. Msomi mzima hajui kwamba kikubwa kwa bei ya kidogo ni faida. Akaichukua, ilitosha kufunika maharusi na wapambe wao. Hapo akamgeukia mwenye duka, dada wa miwani mikubwa, akamwita laobani kwa heshima ya sokoni, yaani bosi, akaomba bei ya mwisho ya seti moja ya roketi ya kuunganisha.

Dada akataja bei. Ghalib akacheka kama aliyesikia habari ya msiba ikisimuliwa vibaya. Ile ilikuwa bei ya rejareja! Hajawahi kulipa rejareja tangu avuke mpaka, na hangeanza leo mbele ya kijana wa Usangi. Akadai bei ya jumla.

"Kwa moja? Meiyou," akajibu dada. Hakuna. Neno hilo mgeni wa Guangzhou huambiwa kabla hajajua salamu. "Bei ya jumla ni kuanzia dazani."

"Mzee," akasema Elinami, "tafadhali."

Walitoka na dazani. Seti kumi na mbili za faibaglasi, na parashuti kubwa juu yake. Ghalib alitembea kama aliyeshinda kesi.

"Umemkomesha," akasema Sihaba alipoona maboksi yamefika mpaka dirishani. "Alikukatalia bei ya jumla kwa moja, ukamwadhibu kwa kununua kumi na mbili."

Yote hayo yangesameheka. Kosa lenyewe alilifanya Xintang, alikokwenda kukagua jeans. Jirani ya karakana ya jeans yuko fundi anayetengeneza sanamu za kuvalishia nguo madukani, na sanamu zile ni faibaglasi. Ghalib akampelekea seti moja. Ndivyo kazi inavyofanywa hapa: unapeleka sampuli, unaeleza unachotaka, unakwenda kunywa chai. Roketi ikarudi imeunganishwa, imesuguliwa, laini kama paja la sanamu. Fundi wa jeans, kwa ukarimu, akaongeza kiraka cha ngozi kiunoni kilichoandikwa GHALIB.

Kibali cha klabu kilikuwa cha Jumamosi na Jumapili, na kingine hakuna aliyejua kingetoka lini. Jumamosi Ghalib akafika uwanjani na Sihaba, na roketi kwenye shuka la harusi. Seti zilizobaki zilikuwa nyuma ya gari, maana gari lake haliendi popote bila mzigo wa kuuza.

Mkaguzi alikuwa Mwalimu Liang, bibi mstaafu aliyefundisha fizikia. Aliigeuza roketi. Akagonga pezi kwa kucha, akanusa kiungo.

"Nzuri sana," akasema. Ghalib akavimba. "Nani ameigundisha?"

Mtu mwingine angedanganya. Ghalib hakuona hata sababu, maana katika biashara yake kumtaja fundi mzuri ni sifa ya bidhaa. Akachomoa kadi. "Xintang! Ukitaka nakuunganishia naye. Hata mia moja anakutolea."

Elinami akafumba macho. Mwalimu Liang akairudisha roketi mezani.

"Hii inaweza kuruka," akasema. "Ila cheti tutamwandikia fundi wako."

"Nilikuambia kwa mkono wako, mzee," akanong'ona Elinami.

"Si nimelipia kwa mkono wangu?"

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo Ghalib alipoelewa. Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha gari. Maisha yake yote amesifiwa kwa vitu vilivyotengenezwa na wengine, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza yeye ametengeneza nini.

Sihaba alimwacha kidogo, kwa huruma. Huruma ikaisha.

"Ghalib. Gari lina roketi za kutosha kuanzisha vita, na wewe umeshika tama. Kesho si siku?"

Ghalib akafungua boksi.

Mchana ule wote alikuwa chini ya turubai, akichanganya gundi. Elinami alieleza mara moja, kisha akakaa mbali, na Sihaba akaweka mikono nyuma kama askari wa zamu. "Usinitazame. Sheria ni sheria." Pezi la kwanza lilikaa sawa. La pili likaegemea. La tatu liligundishwa pamoja na mkono wa shati lake, ikabidi shati likatwe. Chombo kilichotoka hapo, ukikiweka kando ya kile cha Xintang, ungedhani ni ndugu aliyelelewa na watu wengine.

Jumapili gundi imekauka na upepo umeamka. Mwalimu Liang akayatikisa mapezi moja moja, akasema yanashika, ya uzuri hayamhusu. Kisha akaangalia mabwawa ya samaki na kuuliza habari ya parashuti.

Ghalib alikuwa ameishika ile kubwa. Mkono mwingine ulikuwa na ndogo ya rangi ya chungwa iliyokuja ndani ya seti, saizi ya kitambaa cha meza. Aliitazama kubwa kama mtu anayemsindikiza mwanawe shule ya bweni, kisha akairudisha garini.

"Andika tarehe," Sihaba akamwambia Elinami. "Amechagua kidogo."

Wenye kibali wakaweka injini. Wakahesabu. Roketi ikaondoka kwa mngurumo, ikapanda imelala upande kidogo, kama mtu anayemkwepa wifi barabarani, lakini ikapanda. Ikapotea. Ghalib akashika mkono wa mkewe kwa nguvu hata bangili zikamuuma. Juu kabisa kikatokea kitone cha chungwa, kikavutwa na upepo kuelekea mabwawani, kikavutwa, kikavutwa, na kikaangukia majanini hatua chache kabla ya maji.

Mwalimu Liang aliikagua mpaka Ghalib akatamani kuzimia. Kisha akatoa kalamu. "Jina lako linaandikwaje?"

Seti zilizobaki zilikwisha uwanjani palepale, kwa bei ya rejareja, bila haya. Hata ile laini ya Xintang ikapata mwenyewe. Mwishoni bwana mmoja wa Shenzhen akaielekezea kidole ile yenye pezi lililoegemea na uzi wa shati ndani ya gundi. "Na hii bei gani?"

Sihaba akageuka kusikiliza. Tangu aolewe hajaona mumewe akiulizwa bei akakosa jibu.

"Meiyou," akasema Ghalib.

Jumatatu asubuhi Sihaba alihamisha mkoba wake kutoka kwenye ule msumari.