Siku Tulipoijaribu Simu ya Kutafuta Ndugu

Mtu akila peke yake miaka mingi huanza kuzungumza na kuku. Mimi nilishafika hapo, na kuku mwenyewe alikuwa na majivuno. Mume nilimzika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, watoto sikujaliwa, na mdogo wangu wa kike, ndugu pekee niliyekuwa naye, tulipoteana njiani mwaka 1996 tulipokimbia Kivu ya Kusini. Ndiyo maana vijana wa Mbarara walipotangaza kanisani kwamba wanatengeneza huduma ya simu ya kutafutia ndugu, niliinua mkono kabla hawajamaliza.

Walitaka wazee watatu wa kuijaribu. Gari lilituchukua Rwekubo, mji mdogo jirani na kambi, likatufikisha ofisini kwao Mbarara, tukakaribishwa chai ya maziwa na chapati mbili mbili. Binti mmoja mpole akanieleza: unapiga, unachagua kijiji ulichotoka kwa kubonyeza tarakimu, unaacha sauti yako, kisha unabonyeza namba yako. Watu wa kijiji hicho, popote walipo, wakipiga wataisikia.

Nikapiga. Sauti ikasema nibonyeze tatu. Nikaitoa simu sikioni, nikatafuta miwani, nikatafuta tatu. Kuirudisha sikioni, simu imeshakatwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu binti akanibonyezea yeye.

"Mama, iko rahisi ama iko ngumu? Sema tu, tutarekebisha."

"Iko muzuri sana, binti yangu. Mungu abariki kazi yenu."

Sisi kwetu, mtu aliyekulisha humwambii chungu chake kinavuja. Wenzangu wawili, ambao nao walishindwa, wakajibu hivyo hivyo, tena mmoja akaomba dua ndefu ya shukrani. Vijana wakaandika, wakafurahi. Njiani tukasifiana kwa adabu zetu, na Jumapili nikatamba kanisani kwamba simu ile ni rahisi.

Huduma ilipoanza, nilipiga kutoka nyumbani mpaka nikachoka kukatiwa. Kumwomba jirani anisaidie niliona haya. Si mimi niliyetamba kanisani kwamba ni rahisi? Miezi ikapita. Nilikuwa mpweke, na sasa nikawa mpweke mwenye simu.

Kisha binti yule akaja Nakivale kuuliza kwa nini wazee hawapigi. Safari hii nilimwambia ukweli wote, nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Hakunilaumu. Aliandika, akabonyeza tarakimu za kijiji chetu, akaniwekea simu sikioni.

Zikapita sauti za watu nisiowajua. Halafu mwanamke mzee, akihema:

"Nifinye fasi gani? Siko naona... Ngoja kwanza, ngoja..."

Ikakatwa.

Alikuwa mdogo wangu, akitafuta pa kubonyeza. Miaka yote ile haikuibadilisha sauti yake hata kidogo. Jina hakuwahi kulitaja, namba hakuwahi kuibonyeza. Binti akaitafuta katika mitambo yao namba iliyopiga, tukaipiga pale pale, tukaipiga kesho yake, nikaendelea kuipiga wiki nzima. Haikupatikana. Pengine ilikuwa simu ya kuazima. Lau ningesema ukweli siku ile Mbarara, wangeirekebisha mapema, naye asingekatiwa.

Waliirekebisha baadaye. Sasa sauti inamsubiri mzee hadi amalize, na wengi wa rika langu wamepata watu wao. Mimi nimeshaacha sauti na namba yangu, na hupiga kila Jumapili nikitoka kanisani, nikasikiliza sauti zote za kijiji chetu mpaka mwisho. Mdogo wangu hajapiga tena.