Bushi Mbili na Kipande cha Waya

Siku yangu ya kwanza kazini, katika garaji moja pale Gikondo, Kigali, sikushika hata spana. Shefu wa atelie, yaani msimamizi wa mafundi wote, alinipa karai la dizeli, brashi na lundo la vyuma vichafu, akaniambia nioshe. Nilikuwa na miaka ishirini na nilivaa suruali iliyopigwa pasi, maana mama yangu, mshonaji wa Biryogo, hakukubali mtu wa nyumbani kwake aende kazini ovyo. Kufika adhuhuri suruali ilikuwa imekwisha kazi. Vyuma vilikuwa vinang'aa, nami nikasimama kando nikisubiri kusifiwa.

Shefu akaja, akainama, akachukua pini moja ndogo.

"Iko safi," akasema. "Sasa niambie, hii iritoka wapi?"

Sikujua.

"Na hii?"

Hiyo nayo sikuijua. Hakunigombeza. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Kijana, chuma mbere ya kuitoa kwa gari unaiwekea arama. Ukisahau mahari yake, hiyo si chuma tena, iko takataka."

Basi nilianzia hapo, na miaka arobaini na kitu baadaye bado naweka alama kwa chaki hata nikifungua bawaba ya mlango. Nyinyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari na kusubiri iwaambie ugonjwa, mtanicheka. Chekeni tu.

Kazi iliyonipa jina ilikuwa ya vitesi. Wengine husema gia. Sisi wazee wa Kigali tulichukua neno la Wafaransa, na sanduku lenyewe tukaliita bwate. Kati ya mkono wa dereva na bwate kuna vyuma virefu vya kuunganisha, na kila vinapokutana kuna bushi, pete ndogo ya plastiki au mpira inayozuia chuma kisisagane na chuma. Katika mji huu wa vilima dereva hubadilisha vitesi kutwa nzima, kwa hiyo bushi huliwa mapema. Zikishalika, mkono wa vitesi hulegea na kuchezacheza. Unatafuta ya pili unakutana na ya nne, na ya kurudi nyuma inakataa kabisa. Fundi asiye na subira atakuambia bwate imekufa. Shefu alikuwa akituambia, "Nyinyi munazika mtu mwenye kuumwa jino."

Na alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona garaji nyingine yoyote. Ukimaliza kazi ya vitesi, ulilipandisha gari kwenye mteremko wa nyuma ya garaji, ukalielekeza juu, ukaweka vitesi ya kwanza, ukazima injini na kuachia breki ya mkono, gari lishikwe na vitesi peke yake. Jiwe kubwa liliwekwa hatua mbili nyuma ya gurudumu. Kisha wewe fundi ulichukua sahani yako ya maharage na ndizi ukaenda kukaa chini, nyuma ya jiwe, ukala ukilitazama gari lako. Aliyefunga vizuri alikula akamaliza. Aliyekuwa na wasiwasi aliiweka sahani chini baada ya matonge mawili, na Shefu akimwona hivyo hakumuuliza kitu, alimwonyesha tu jeki.

Garaji ile ilifungwa katika miaka ambayo sitaizungumzia hapa, waliokuwepo wanaijua. Baadaye niliajiriwa na shirika moja lenye magari mengi, chini ya Direkta ambaye hakujua tofauti ya spana namba kumi na ya kumi na mbili, lakini alitusalimia kila asubuhi mmoja mmoja kwa jina, na kwa hilo tulimfanyia kazi hadi jasho likatukauka mgongoni. Miaka yangu ya mwisho niliifanya Masoro, kwenye karakana yenye sakafu safi kuliko meza yangu ya kulia chakula. Meneja alikuwa kijana aliyekulia Uganda, mpole sana. Siku moja alinikuta nikihangaika na bushi moja saa nzima. "Mzee," akaniambia, "sisi hapa haturekebishi, tunabadilisha." Nilimwambia ndiyo bwana, nikaendelea kurekebisha. Naye aligeuka akaenda zake kana kwamba hakuona. Nilipostaafu alinikatia keki.

Sasa nakaa Batsinda, kwa binti yangu Zuhura. Yeye ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Busanza, na ana gari dogo la zamani la Kijapani. Kila asubuhi huwapakia wanawe wawili, huwashusha shuleni, kisha huendelea na safari yake, kilima hadi kilima. Mwanzoni mwa mwaka huu mkono wa vitesi ulianza kulegea. Garaji moja ikamwambia abadilishe bwate nzima. Nilipolisikia hilo nilicheka hadi nikakohoa.

"Ni bushi tu," nikamwambia. "Nitazibadilisha hapa hapa nyumbani."

Zuhura alinitazama kidogo. "Papa, kama haiwezekane uniambie. Nitaipeleka kwa wengine, si shida."

Kusema kweli nilikasirika. Hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo kuhusu vitesi.

Jumamosi asubuhi nililiweka gari mahali tambarare, nikalipandisha kwa jeki, nikalikalisha juu ya stendi nne. Nikatandika katoni nikaingia chini. Nilitia alama ya chaki pale chuma kimoja kinapoingia katika kingine, maana ukikosea hapo hata nywele moja, vitesi haviingii hadi mwisho. Bushi mbili zilikuwa zimelika hadi zimebaki kama ganda la yai. Nilizigonga zikatoka, nikasafisha pini, nikapachika mpya nilizonunua Nyabugogo, nikatia grisi. Mpaka hapo nilikuwa bado ni mimi yule wa Gikondo.

Zikabaki klipu. Klipu ni kibanio kidogo cha chuma kinachoifunga pini isichomoke. Ya kwanza iliingia. Ya pili inakaa juu ya bomba la moshi, mahali ambapo jicho halifiki, vidole ndivyo vinavyoona. Vyangu havikuona kitu. Klipu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nilijaribu hadi kifundo cha mkono kikauma, na machozi yalinitoka, nikajiambia ni vumbi.

Basi nilifanya kile nilichowakataza wanafunzi wangu wote. Nilichukua kipande cha waya, nikakikunja mara mbili, nikakipitisha kwenye tundu la pini, nikakisokota kwa koleo. Waya wa namna hiyo unaweza kushika mwezi, unaweza kushika mwaka. Siku utakapokatika, dereva akiwa anateremka kilima na mkono uko katikati ya vitesi viwili, atabaki bila vitesi, akitegemea breki peke yake. Nililijua hilo nikiwa na koleo mkononi, nikasokota mara moja zaidi.

Nililishusha gari, Zuhura akashika usukani, tukazunguka mtaa. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila kitu kiliingia laini kama kisu kwenye siagi. Zuhura alifurahi, akanipigapiga begani. Tuliporudi alilisimamisha gari mbele ya nyumba, kwenye mteremko wetu. Mwenyewe bila kufikiri nikamwomba aweke vitesi ya kwanza na aachie breki, nikaweka jiwe, nikakaa nyuma yake. Ni mazoea ya miaka mingi. Akaniletea wali na maharage.

Nilikula tonge moja, nikaiweka sahani chini.

"Papa, chakula inapoa. Mbona haukuli?"

Gari halikusogea hata kidogo. Lingeweza kukaa pale hadi kesho. Lakini kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sweta ya mjukuu wangu mdogo, mkono mmoja wa sweta umening'inia dirishani, nami nilikuwa naiona kutoka pale nilipokaa.

"Klipu moja haikuingia," nikasema. "Nimefunga waya."

"Waya inashika?"

"Leo inashika."

Hakuniuliza kwa nini. Aliingia ndani, akatoka amejifunga kitenge kikuukuu. Tukalirudisha gari tambarare, tukalipandisha tena kwenye stendi, akalala juu ya katoni yangu na tochi ya simu, nami nikampa klipu na koleo.

"Nionyeshe iko wapi."

"Juu ya bomba. Pitisha mkono nyuma, utafute kwa kidole."

"Pini nimeishika. Mdomo ya klipu inaangalia juu."

"Igeuze. Kwanza kata waya. Halafu sukuma kwa kidole gumba, usiogope."

Nikasikia klipu ikiingia, ta. Sauti hiyo naijua hata usingizini. Nikasema alhamdulillahi, nikamngoja atoke. Hakutoka. Niliona miguu yake tu.

"Papa, niko na kitu ya kukuambia. Ile breki ya mwaka jana, yenye ulitengeneza, nilipeleka gari kwa garaji kesho yake. Bolti moja haikukazwa."

Niliokota kile kipande cha waya kilichokatwa.

"Na kazi zingine pia," akasema. "Kila ukimaliza, napeleka wanaangalia. Mingi iko sawa. Mingine haiko sawa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Niliumia, sitaki kudanganya. Niliona haya kama nilivyoona haya siku ile sikujua pini imetoka wapi, na zaidi, kwa sababu wakati huu kulikuwa na watoto ndani ya gari. Kumbe mwaka mzima binti yangu alikuwa ananiletea gari, ananiangalia nikitoka jasho, ananisifu, kisha anaamka mapema kwenda kwa fundi mwingine kulinda roho za wanawe na furaha yangu kwa pamoja, na jioni ananiambia gari linakwenda vizuri.

Nikamuuliza lile la bolti lilikuwa gurudumu gani.

"Ya nyuma, kushoto," akajibu kutoka chini, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba msamaha.

Barua ya kustaafu nilipewa Masoro. Kazi yenyewe niliiacha hapo, mbele ya nyumba yetu Batsinda, nimepiga magoti kando ya gari, uso karibu na ardhi ili mwanangu anione, nikimwambia msamaha ni mimi ninayepaswa kumwomba.