Kabati la Mvule la Nyanya

Nyumba ya mbao ina harufu yake kabla haijaingizwa kitu. Siku fundi aliponikabidhi funguo za nyumba yangu ndogo hapa Moding, nilisimama katikati ya sebule tupu, unga wa msumeno bado umelala pembeni, nikavuta pumzi, na papo hapo nikawa mtoto katika nyumba ya nyanya yangu. Mbao zangu ni za saiprasi tu, na kuta zake yeye zilikuwa za udongo, lakini mle ndani mwake mlikuwa na kabati la mvule, na kila lilipofunguliwa lilitoa harufu ya mbao kama hiyo, iliyochanganyika na sukari guru na sabuni ya mche. Nikajua pale pale ni kitu gani nilitaka kiwe cha kwanza kusimama kwenye ukuta ule.

Lazima nikueleze kidogo. Kwa miaka mingi niliuza mapazia Eldoret. Nimeingia katika sebule za watu wengi na mkanda wangu wa kupimia, na nimeona nyumba ambazo kila kitu ndani yake ni kipya, kochi, meza, saa ya ukutani, na ukitoka nje huwezi kukumbuka ulikuwa kwa nani. Nilipofunga duka, nikanunua kipande cha shamba karibu na boma la kwetu, nikajenga nyumba ya kupumzikia: vyumba viwili, baraza mbele, paa la mabati ya kahawia. Majirani walicheka. "Mama, hiyo ni nyumba ama ni kioski?" kijana mmoja wa boda aliniuliza. Sikujali. Kochi la kijivu nilikuwa nimeshachagua, na friji ndogo, na jiko la gesi, na taa za sola. Vipya nilivipenda pia, mimi si mtu wa kurudi kwenye kuni. Ila nilitaka ukiingia ujue umefika kwa nani.

Nyanya tulimwita Tata, jinsi Wateso wanavyowaita nyanya zao. Mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo nilikuwa yeye mdogo. Nilikula naye, nililala kwake, na nilipokosea alinitetea. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kupangusa kabati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, polepole, kuanzia juu hadi miguuni, mpaka likang'aa kama maji ya chai. Nje kulikuwa na nafaka ya wimbi iliyoanikwa na kuku wa kufukuzwa. Upepo ulipotoka upande wa Malaba tulisikia kwa mbali honi za trela zilizokuwa zikingoja kuvuka kwenda Uganda, na Tata alisema wale madereva hawana kwao.

Na chakula! Ugali wa muhogo na wimbi, mweusi, mzito, wa kushikilia tumbo hadi kesho, na mchuzi wa karanga zilizosagwa kwa jiwe. Mvua zilipoanza kulikuwa na kumbikumbi waliokaangwa bila tone la mafuta, na siku za soko mwanamke mmoja alileta samaki wa moshi kutoka Port Victoria, tukanusa mikono yetu hadi jioni. Lakini kilichonivuta zaidi ni mlio wa mlango wa lile kabati. Ufunguo Tata aliuvaa shingoni kwa kamba, chini ya gauni. Nikisikia mlango ukilia, popote nilipokuwa, nilikuja mbio. Alivunja sukari guru kwa mgongo wa kisu, akanipa kipande mkononi, na kila mara alisema maneno yale yale: "Kula hapa hapa. Usitoke nayo nje."

Nilikula hapo hapo, nimeegemea ubavu wa kabati, ulimi umeganda kwa utamu. Kama ungeniuliza wakati wowote nikiwa Eldoret ni wapi duniani nimewahi kuwa na raha kamili, ningekwambia ni pale.

Tata alipofariki, nyumba ilikosa wa kuipaka udongo. Mvua ziliipiga, ikaanza kuinama, na vitu vikachukuliwa kimoja kimoja na kila aliyekuwa na nafasi ya kubeba. Kabati lilikwenda Kocholia kwa shangazi, dada yake baba. Nilimkuta nalo jikoni, kuku amelalia mayai kwenye rafu ya chini.

"Hiyo? Hiyo kabati ya kuku?" shangazi alishangaa. "Wewe umekaa town miaka yote, sasa unakuja kubeba takataka?"

"Ni ya Tata, shangazi."

Aliliangalia kabati, akaniangalia mimi, nikaona kwamba hesabu yake imeshakamilika. "Basi niletee ya vioo. Ile ya kuweka vikombe, wageni wakikuja waone."

Nikamletea ya vioo. La Tata likafungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki, limesimama wima kama abiria, likasafiri hadi Malaba kwa fundi wa kando ya barabara. Mchwa walikuwa wamekula miguu miwili. Fundi aliweka mipya, akabadilisha wavu wa milango, akalipiga msasa hadi mvule wenyewe ukatokea, mwekundu, kana kwamba umekatwa jana. Dereva mmoja wa trela alishuka kutoka kwenye foleni ya mpakani akalizunguka mara mbili. "Boss, hii unauza?" Fundi akamjibu kwamba lina mwenyewe, na mimi mwenyewe nikasimama pale nikijisikia tajiri. Fundi akaniuliza kama aitoe kufuli ya zamani. Nikamwambia aiache.

Nilipanga nyumba kwa siku kadhaa. Kochi la kijivu chini ya dirisha, mito ya kitenge kilichotoka ng'ambo juu yake. Vigoda viwili vya zamani nilivyovipata kwa jirani, mkeka, taa ya sola inayoning'inia ndani ya kikapu. Kabati likasimama pale pale nilipokuwa nimelitaka, friji ikiwa pembeni yake, na vilipendeza pamoja kuliko nilivyotarajia. Kisha nikamwita mama aje anywe chai.

Mama anaishi bomani, katika nyumba ya matofali na vigae ambayo sisi watoto tulimjengea. Alikuja amevaa gauni lake la kanisani. Alivua viatu barazani ingawa nilimwambia asivue, akaingia, akapapasa kochi. "Hii ni laini," alisema. Akatazama taa, akacheka kidogo. Halafu akageuka, akaona kabati, na kicheko kikaisha.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa shangazi. Fundi ameitengeneza. Si imekuwa nzuri?"

Alilisogelea lakini hakuligusa. "Na kufuli umeacha," alisema.

Nilikuwa nimeshika birika. Niliendelea kulishika.

"Hapo ndipo nilikuwa naomba chumvi," mama alisema. "Kila siku. Nasimama hapo, nangoja amalize kuongea, ndio afungue. Anapima na kijiko. Siku ingine ananiuliza, 'Ya jana umepeleka wapi?' Mimi nimeolewa, nimezaa watoto kwa hiyo nyumba, na naomba chumvi kama mtoto ya watu."

"Mama, sikujua."

"Ungejulia wapi? Wewe ulikuwa unapewa sukari guru."

Alisema bila ukali. Nadhani ukali ulikuwa umeshamwisha miaka mingi iliyopita. Akaniuliza kama nakumbuka dada yangu mdogo alivyougua surua. Nilikumbuka kidogo, chumba chenye giza na mtoto analia. "Alikuwa hawezi kumeza uji bila kitu tamu," mama alisema. "Nikaenda kuomba. Tata akaniambia imeisha. Nikarudi jikoni. Wewe ukaingia kucheza, ukaniegemea kwa mgongo, na nikasikia hiyo harufu kwa mdomo yako."

"Ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Nilikufuta mdomo. Uji nikampa hivyo hivyo. Alipona, Mungu alisaidia."

Chai aliinywea barazani, akitazama barabara, tukazungumza kuhusu mahindi ya mwaka huo. Alipoondoka, nilikaa kwenye lile kochi laini nikajaribu kuyasikia tena maneno ya Tata, kula hapa hapa, usitoke nayo nje. Maisha yangu yote niliyahesabu kuwa maneno ya mapenzi. Yalikuwa ya mapenzi kweli. Lakini nje alikuwa mama, na sasa nilijua kwamba yalimhusu yeye pia.

Kesho yake nilimwita yule kijana wa boda, tukalisukuma kabati hadi chumbani, nikalifunika kwa leso. Ukutani pakabaki wazi. Niliweka picha pale, nikaitoa, nikaweka ua, nikalitoa.

Mama alikaa kwa muda bila kuja. Alipokuja tena, alisimama mlangoni akauona ukuta.

"Umeificha wapi?"

"Iko chumbani, mama. Nitaitafutia mtu."

"Kwani kabati imefanya nini?" Akaingia, akakaa. "Irudishe. Yule mama alikuwa ameona njaa, ile njaa yenyewe, kabla ya mimi kuja hapa. Alizika watoto. Mtu kama huyo ukimpa kufuli atafunga tu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini hakuwa mzuri kwangu, na hiyo nilitaka ujue. Sasa umejua."

Nililirudisha. Nimeweka vikombe ndani, na majani ya chai, na sukari ya dukani katika mkebe usiofungwa. Wageni wakija hulisifu kabla ya kitu kingine chochote. Wanauliza nililipata wapi, wanapiga picha, na mimi nasema asante. Milango yake hailii tena, fundi aliipaka mafuta. Harufu ni ya vanishi. Mara chache, nikiwa peke yangu, huegemea ubavu wake kama zamani, lakini siwezi kukaa hapo kwa muda mrefu.

Juzi tulikuwa tunamenya karanga barazani, mimi na mama, na nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa likinisumbua. "Mama, tulipokuwa kwa Tata, wewe ulikuwa unakaa wapi?"

Alifikiri kweli, mikono imetulia juu ya ungo. Kisha akacheka. "Kukaa? Nani alikuwa na nafasi ya kukaa?"

Pale palipokuwa nyumba ya Tata sasa ni mahindi. Naweza kukupeleka ndani yake hata hivyo, nikiwa nimefumba macho. Nitakuonyesha Tata alipoketi, baba alipotundika koti lake, mbwa alipolala, dirisha lililoingiza jua la asubuhi. Mama namtafuta humo kila siku na simpati mzima. Napata mkono unaoweka sufuria mlangoni na kutoweka. Napata mlio wa shoka nje, nasikia anakohoa kwa moshi, naona mgongo. Picha yake ya wakati ule hakuna aliyepiga. Alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho alivyo leo, na mimi, ambaye nilikuwa pale na macho yangu mawili, sijui uso wake ulikuwaje.